Infirmie wa kampuni anauliza: kwa nini kazi ya mchana inanichosha roho kuliko irjansi?

Mdogo wangu, asante kwa barua yako. Wengine watasoma jibu bila kuona swali, kwa hiyo nalifupisha kwanza. Wewe ni infirmie (muuguzi), ulifanya irjansi, huduma ya dharura, ku hopitali kubwa hapa Lubumbashi, kisha ukapata nafasi ku kampuni ya sutretansi, yenye kufanya kazi kwa kandarasi, ndani ya kiwanda cha shaba na kobalti. Kazi ya mchana, mshahara unafika ku tarehe yake, damu unaiona mara moja moja tu, na ku nyumba wote wanasema umebarikiwa. Lakini jioni unarudi Katuba umechoka kuliko zamani, unalia mu basi, unakasirikia watoto bure, usiku majina ya wafanyakazi yanazunguka mu kichwa. Na mwezi uliopita walikutuma peke yako na shofere kwenda Ruashi kumwambia mwanamke kwamba bwana yake amekufa ku kazi. Unauliza: "Yaya, niko na roho nyepesi, ama kazi hii haikuumbwa kwa mimi? Nirudi hopitali?"

Roho yako haiko nyepesi. Nimefanya miaka mingi mu ba dispanseri za migodi na sasa nafuatilia ba infirmie vijana wa kampuni mbalimbali, na wale wanaokuja kukaa mbele yangu na kulia si wale wazembe, ni wale wanaojua majina ya watoto wa wafanyakazi. Watu wanaidharau kazi yetu juu hawaoni kile tunachobeba. Ku hopitali mtu anakuja mgonjwa, unamhudumia, anapona ao anakufa, anaondoka, kesho kuna mwingine. Ku kampuni mtu anakuja kwako mzima. Kijana wa miaka 24, unampima masikio, mapafu, tansio (presha), kila kitu kiko muzuri, mnacheka. Mwaka unaofuata anarudi, na mwaka mwingine tena, na wewe njo mtu wa kwanza kuona namba zinateremka, mbele yeye mwenyewe ajue, mbele mke wake ajue, na ile mashini inayozishusha iko pale nje, unaisikia kutoka ku meza yako, na wewe huna amri ya kuizima.

Hapo njo kuna uzito, naomba uelewe vizuri maana watu watakupa mashauri ya kupumzika na kunywa maji mengi. Kinachokuchosha ni mahali unaposimama, kati ya mtu mwenye kuogopa kupoteza kazi na mtu mwenye kulipa mshahara wako, na wote wawili wanakuangalia usoni wakitaka uwe upande wao.

Wataalamu wamelifikiria jambo hili zamani. Mwaka 1984 Andrew Jameton, mwalimu wa maadili kule Marekani, aliandika juu ya ba infirmie wenye kujua kabisa kitu gani njo haki kufanya lakini mahali pa kazi panawafunga mikono, na maumivu yanayotoka pale. Mimi naita dhiki ya dhamiri. Haiko sawa na uchovu wa kawaida. Uchovu unaisha ukilala. Haiko pia sawa kabisa na ile watu wanaita bernauti (burn-out), yenye OMS, Shirika la Afya Duniani, imeiweka mu orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, si kama ugonjwa bali kama jambo linalotoka ku kazi: nguvu zinaisha, unaanza kuichukia kazi ao kuwa baridi kwa watu, na unajiona hufai kitu. Dhiki ya dhamiri ikikaa muda mrefu inakupeleka huko, lakini wewe bado hujafika, maana mu barua yako sijaona hata mstari mmoja wa kudharau wafanyakazi. Unalia juu yao. Ile inaniambia uko bado mzima, ila unabeba vitu visivyo vyako. Na kongé (likizo) peke yake haitakuponya, utaenda kwa shangazi Likasi wiki mbili, utacheka, Jumatatu unafungua mlango wa dispanseri na kitu chote kinakurudilia mbele ya saa tatu.

Sasa tuje ku yule mtu uliyenieleza, wa konkasere, ile mashini ya kuponda mawe, masikio yameshuka, aliyekushika mkono akasema "Mama, usiandike ile, batanifukuza, niko na batoto ine ku masomo." Barua yako yote inamzunguka huyu, hata pale unazungumza mambo mengine.

Kwanza usimwambie "afya mbele ya yote." Ni kweli lakini kwa mtu wa kontra ya miezi sita ni maneno ya mtu aliyeshiba. Woga wake una historia mu mji huu. Wazee wetu walikulia mu Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoanza 1906, kisha Gécamines ya serikali, wakati kampuni ilikuwa baba na mama: nyumba, hopitali, masomo ya watoto, unga wa kila mwezi. Na 2003 watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango ule wa kuondoka kwa hiari, na kila familia ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inajua nini ilifuata. Huyo mtu pengine ni mtoto wa mmoja wao. Akiona kalamu yako inakaribia fishi, anaona baba yake amekaa mu parsela bila kazi. Na tena anakuja kwako na lile tumaini la zamani kwamba dispanseri ya kampuni ni mzazi, kwa hiyo ukikataa anaona mama amemkataa. Usishangae kwamba inakuuma, inatoka mbali.

Lakini usikubali kuficha. Sababu yenyewe nakupa hapa, na umpe naye vile vile, polepole. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayarudi. Mapafu yaliyoliwa na vumbi la mawe, silikozi, hayarudi pia, na yanafungulia njia kifua kikuu. Siku moja huyo mtu atahitaji kuonyesha ku CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, kwamba ugonjwa wake umetoka ku kazi, na kitu gani kitamsaidia? Dosie. Kama ba odiogramu, zile karatasi za kupima masikio, zote zimeandikwa "muzuri" juu ya huruma yako, hana kitu mu mkono, na kampuni itasema aliharibikia masikio mu muziki ya bar. Dosie ya kweli njo advoka (wakili) yake. Nimeona sura za wanaume zikibadilika pale wanapoelewa hilo, kwamba kuandika si kumshitaki, ni kumwekea akiba.

Halafu fanya mambo ya ufundi, juu wakati mwingine tunalia mbele ya kujua kama kuna sababu. Ulimpima saa ngapi? Ukimpima mtu katikati ya zamu, ametoka ku konkasere sasa hivi, masikio yamechoka kwa muda tu na odiogramu itaonekana mbaya kuliko ukweli. Umrudishe siku nyingine amepumzika mbali na kelele angalau saa 14, ndipo upime. Kama bado iko chini, unaandika, na dokta anaona. Sikia tena: dokta wa kazi njo anasema huyu anafaa, huyu anafaa lakini asiwekwe kwa kelele, huyu hafai kwa posti hii. Wewe unapima, unaeleza, unafuatilia. Sahihi isiyo yako usiilale nayo usiku. Ba infirmie wengi wanateseka na maamuzi ambayo hata sheria haikuwapa, juu dokta anakuja mara moja kwa wiki na wao njo wanabaki na uso wa mtu. Mwambie dokta siku zijazo habari ngumu aitoe yeye mwenyewe, wewe ukiwa pembeni. Ni haki yako kuomba hivyo.

Na pale kwa posti ya konkasere, swali la kwanza lisiwe "tumtoe huyu?" Liwe "kelele iko ngapi pale?" Kwa kawaida watu wa kazi hii wanaanza kushituka ku desibeli 85 kwa siku ya saa nane. Kama mmoja ameshuka, wenzake wa timu ile wako je? Chukua ba odiogramu zote za konkasere, ondoa majina, hesabu ni wangapi wameshuka tangu walipoingia, na upeleke ile namba ku komite ya sekirite na usafi, ile yenye sheria ya kazi yetu (code du travail) inataka mu kampuni. Namba bila majina haimfukuzishi mtu kazi. Lakini inaweza kuleta kifuniko ku mashini, zamu fupi, ba kaske za masikio zenye kufaa na si zile sponji za bei rahisi watu wanatupa saa mbili asubuhi. Nimeona ba infirmie wengi wakipumua siku ile wanapofanya hivyo hata kama komite haijafanya kitu bado, juu kile walichokijua peke yao sasa kimewekwa ku meza ya wengine. Mimi naamini hii njo dawa yenyewe ya dhiki yetu, kuliko mafundisho yote ya kutuliza roho.

Upande wa pili, shefu wa personeli, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi. Uliandika anakuita mu ofisi, anafunga mlango, anauliza kwa upole, "nani ana sukari, nani ana sida (ukimwi), yule anayekosa kila Jumatatu ana nini?" na wewe unatetemeka juu ni yeye anayesaini kontra yako. Usijibu kwa moyo, jibu kwa karatasi. Mkataba namba 161 wa OIT, Shirika la Kazi Duniani, wa 1985, unasema wazi, kifungu cha 10, kwamba watu wa huduma ya afya ku kazi wanatakiwa kuwa huru kabisa kitaalamu mbele ya mwajiri na mbele ya wafanyakazi pia, na kifungu cha 15 kinasema mwajiri asiwatume kuchunguza sababu za mtu kukosa kazi. Sheria yetu ya makosa ya jinai (code pénal), kifungu cha 73, inamwadhibu mtu aliyepewa siri juu ya kazi yake akaitoa. Na kwa virusi vya sida kuna sheria yake ya 2008 yenye kulinda wagonjwa hata ku kazi. Kwa hiyo hapo si wewe unamkatalia shefu, ni sheria, na tofauti hiyo ni kubwa sana kwa roho ya mtu. Jifunze sentensi moja mpaka itoke bila kutetemeka: "Shefu, naweza kukuambia anachoweza kufanya na asichoweza kufanya ku posti yake, ugonjwa wake siwezi." Basi. Usiongeze maelezo, usiombe samahani. Kila infirmie niliyemfundisha sentensi hii alisema mara ya kwanza ni nguvu sana, kisha shefu anazoea.

Na andika barua mbele shida ije. Ukurasa mmoja tu, wewe na dokta mnasaini, unaeleza dispanseri inampa mwajiri habari gani na habari gani haitoi, dosie zinafungwa wapi, funguo iko na nani. Delege wa sindika, mjumbe wa chama cha wafanyakazi, apate kopi. Wafanyakazi wakijua hivyo, nusu ya ile woga wanayokuletea itapungua, juu wengi wanadhani wewe ni macho ya shefu. Uliandika kwamba wengine wanakuita hivyo mgongoni na inakuchoma. Haitakwisha kwa kuwa mpole zaidi. Itakwisha wakiona dosie inafungwa kweli.

Sasa Ruashi. Nilisoma pale nikaweka simu chini kwanza. Kumtuma infirmie peke yake na shofere kumwambia mwanamke amefiwa, hiyo ni kazi ya kampuni waliyokutupia wewe. Mtu wa kutoka kwa wakubwa alitakiwa kwenda, na delege wa wafanyakazi, na wewe ukiwa pale kwa ajili ya yule mwanamke, kuangalia kama anazimia, kama ana mimba, kama ana tansio. Kwetu habari ya kifo haimwangukii mke kwanza, unatafuta baba mkubwa ao mzee wa familia ao mama wa kanisa lake, unamwambia yeye, kisha mnaingia pamoja. Wewe ulifanya yote peke yako, mlangoni, na majirani wakaanza kupiga kelele kwamba kampuni imemuua, tena kwamba wewe na dawa zako mlimmaliza. Maneno yale hayakuwa juu yako. Mtu aliyefiwa anatafuta sura ya kushika na sura iliyokuwa pale ilikuwa yako. Najua unajua. Lakini unahitaji kusikia na mtu mwingine akilisema, ndiyo maana naliandika.

Uliuliza pia kama ulikosea kusema "amekufa" wazi badala ya kusema hali yake ni mbaya. Hukukosea. Ile desturi ya kusema "mgonjwa yuko mubaya, mukuye hopitali" halafu mtu anafika na kukuta maiti inaacha kidonda mara mbili. Unasema wazi, kwa sauti ya chini, ukiwa umekaa kama inawezekana, kisha unanyamaza. OMS ilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya roho mwaka 2011 na kiini chake ni maneno matatu, angalia, sikiliza, unganisha: angalia nani yuko hatarini sasa hivi, sikiliza bila kumlazimisha asimulie, unganisha na watu wake na msaada wa kweli, mazishi, karatasi za CNSS, nani atamchukua mtoto ku masomo kesho. Na kwa timu yake ku kiwanda ni vile vile, usikubali wakuamuru uwakusanye wote siku ileile kila mmoja aeleze alichoona. Kulazimisha hivyo hakusaidii, na OMS haishauri. Pita kwao, kaa nao saa ya kula bukari, mwenye kutaka kusema atasema.

Na wewe? Siku ile nani alikaa na wewe? Mu barua yako hakuna mtu. Ulirudi ku dispanseri ukapima watu wa vizite, vipimo vya afya, mpaka saa kumi ukitabasamu. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alionyesha tangu 1983 kwamba kupanga uso wako kulingana na kazi ni kazi yenyewe, na inakula nguvu. Kwa hiyo usijishangae kwamba umechoka siku ambayo "hukufanya kitu." Mara ijayo, na itakuja, omba dokta ao mwenzako afunge vizite, na urudi nyumbani.

Kazi yetu ilianza mu upweke. Mmoja wa wa kwanza wanaojulikana, Philippa Flowerday, alichukuliwa 1878 na kiwanda cha haradali cha Colman kule Norwich, Uingereza, asubuhi anamsaidia dokta ku dispanseri na mchana anatembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba. Mpaka leo wengi wetu ni mmoja kwa kampuni nzima. Huwezi kubeba hivyo bila mtu wa kumwambia. Bwana yako ni mtu mwema, umeandika, lakini huwezi kumpa majina, na bila majina hawezi kuelewa, na kaka yake anafanya kazi ku kiwanda kilekile, kwa hiyo usimfanye yeye njo ndoo ya kumwagia yote. Tafuta infirmie wa kampuni nyingine, wawili watatu, mkutane kila wiki mbili Kamalondo ao kokote, simu zifungwe, kila mmoja alete jambo moja bila jina la mtu. Mimi niko tayari kukaa nanyi mara ya kwanza. Sikuambii hivyo kwa heshima tu, naongoza vikundi vya namna hii na nafasi iko.

Jambo moja nalisema kwa nguvu. Kama kulia mu basi, kukosa usingizi, kutotaka kula ao kutotaka kuona watu kunaendelea kila siku kupita wiki mbili, ao wazo likikujia kwamba afazali usiwepo, hapo si mambo ya barua tena. Wazo lile likija, unaenda siku ileile, usingoje. Nenda umwone dokta wa roho, ku Joseph Guislain, hopitali ya magonjwa ya roho hapa Lubumbashi, wapo watu wanaojua kazi hii, na usisikilize wenye kusema pale ni pa wazimu. Tunawatuma wafanyakazi huko bila aibu, nasi twende bila aibu.

Unauliza kama urudi irjansi. Mimi nasema bado. Ukirudi sasa utakuwa umekimbia shida ambayo ina majina na ina njia, na konkasere itabaki na infirmie mwingine asiyejua kama ba odiogramu zinashuka. Lakini nakuambia pia lini utoke. Siku wakikuamuru kubadilisha namba mu dosie, unakataa kwa maandishi, unampa dokta kopi, unaenda kwa Ordre, baraza rasmi la ba infirmie, na kama wanaendelea, utafute kazi nyingine hata kama mshahara utakuwa mdogo. Najua uzito wa ninachosema, najua masomo ya watoto yanalipwa lini.

Wiki hii anza na mawili tu. Mrudishe yule wa konkasere apimwe akiwa amepumzika, na uandike ile karatasi ya ukurasa mmoja, unitumie niione mbele dokta asaini. Ile listi ya timu ya konkasere tutaifanya pamoja, usiifanye peke yako usiku.